Unataka Nikae Wapi?

Mwezi uliopita nilikwenda posta ya Ghubra kuangalia sanduku langu, ambalo siku hizi haliingizi kitu ila matangazo ya maduka ya samani, nikakuta bahasha nene kutoka Australia. Sikungoja kufika nyumbani. Niliifungua ndani ya gari, kiyoyozi kikinipuliza usoni, nikaitikisa, kikaniangukia mapajani kipande cha bati chembamba, urefu wake kama kidole changu cha kati, nyuma kimebandikwa sumaku. Mbele kilikuwa na herufi nyekundu zilizofutika kwa kushikwashikwa. Ilibaki R na mkia wa S ya mwisho. Mtu mwingine angedhani kimebanduka kwenye jokofu la mtu. Mimi nilikijua kabla sijaisoma barua, ingawa nilikuwa sijawahi kukitia machoni maishani mwangu. Nikasoma mistari miwili ya juu tu, kwamba Ross amefariki na kwamba anayeniandikia ni binti yake, kisha nikaikunja. Nilikaa pale mpaka mtu wa nyuma yangu akanipigia honi, anataka nafasi ya kuegesha.

Nyumbani Bawshar, mke wangu Zuwena alikishika kile kipande kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota kucha. "Nini hichi?" akaniuliza. Nikamwambia ni mtu. Akanitazama, akarudi kwenye sufuria yake, maana ananijua: nikianza hivyo hadithi ni ndefu na mchele hausubiri. Basi ninaiandika. Sitaeleza habari za ukoo wetu, nani alitoka Unguja mwaka gani na kwa meli ipi. Kila nyumba ya Maskati ina hadithi hiyo na kila mmoja anaona ya kwao ndiyo ya kusikilizwa. Nataka kuueleza mwaka mmoja tu, ule niliokuwa na miaka ishirini na nikamwandama mtu mzima kwa maswali mpaka mama yangu akaniita polisi wa bure.

Mwaka huo nilikuwa namaliza chuo cha ualimu, na nilipelekwa skuli moja ya Ghubra kufanya mazoezi ya kufundisha michezo. Wakati ule Maskati nzima ilikuwa na swali moja, na neno lake lilikuwa la Kiarabu hata kwa wale wanaoota kwa Kiswahili: takhassus yako nini? Umebobea katika nini? Ukienda kuposa, utaulizwa. Ukienda matangani, mzee wa pembeni yako atakuuliza kabla hajakuuliza wewe mtoto wa nani. Na sisi wanafunzi wa michezo tulipewa karatasi ya kujaza kabla mwaka haujaisha: taja mchezo mmoja uliobobea, mkaguzi akuone, atie saini. Mwenye takhassus anapewa skuli yake. Asiye nayo anawekwa akiba. Na shida yangu ilikuwa hapo. Nilikuwa golikipa mzuri kiasi, mwogeleaji mzuri kiasi, kwenye voliboli mtu wa kukamilisha timu, na kwenye mbio wa tatu siku zote, hata tukiwa watatu. Mama alizoea kusema mshika mawili moja humponyoka; mimi nilishika manne. Nilitaka skuli yangu, chumba changu cha michezo chenye ufunguo wangu mfukoni, kuliko kitu chochote duniani.

Ross alikuwa mwalimu wa michezo wa skuli ile, naye ameletwa kwa mkataba kutoka Australia. Alikuwa na miaka arubaini na kitu, pua imevunjika mara mbili kuelekea pande mbili tofauti, na magoti ambayo akichuchumaa ulikuwa unayasikia. Mlinzi wa getini alikuwa keshanipa habari: huyu si mwalimu tu, kwao alikuwa akilipwa kucheza mpira, miaka kumi na moja, watu wanajaa uwanja kumtazama. Mpira wenyewe si huu tuujuao, wala si ule wa Waingereza wa kukumbatiana matopeni. Ni wao peke yao. Mpira una umbo la yai, uwanja una umbo la yai, kila upande watu kumi na wanane, milingoti minne ya kufungia, na mpira unapigwa teke au ngumi, wala haurushwi. Siku ya kwanza nilipomwona, tuliitwa majlisi, sebule ya wageni ya mwalimu mkuu, kunywa kahawa. Ross alisimama mlangoni, akavua viatu, akauliza kwa Kiingereza chake cha puani: "Unataka nikae wapi?" Mwalimu mkuu alifurahi mno. Kwetu mgeni hachagui pa kukaa, anakalishwa, na wageni wengi wa kule hilo hawalijui. Wanajibwaga penye mto. "Huyu amelelewa," mwalimu mkuu akatuambia kwa Kiarabu. Nami niliamini hivyo kwa miezi kadhaa, kwamba ni adabu.

Chumba cha michezo kilikuwa nyuma ya skuli, dari la bati, kinanuka mpira, chaki na maganda ya machungwa. Hapo ndipo nilipoanza upolisi wangu. "Ulikuwa ukicheza nafasi gani?" nikamuuliza. Akasema, "Inategemea." Kesho yake nikauliza tena, kwa njia nyingine: jezi yako ilikuwa namba ngapi? Akasema alizivaa tatu. Nikamuuliza alikuwa akifunga au akizuia. Akasema, "Ndiyo." Mtu akinijibu hivi mimi silali. Akanialika kwake, ghorofa ya kwanza juu ya duka la dobi, chumba kimoja na jiko, ukutani hakuna picha hata moja ya mpira. Nilitazama kila pembe. Alikaanga vipande vya kondoo na vitunguu, akanipa chai ya maziwa kwenye kikombe cha kuogea mtoto. Juu ya jokofu lake, imebanwa na sumaku ya duka la piza, palikuwa na kadi ya mwaliko yenye maandishi ya dhahabu. Nikajifanya hamnazo, nikaisoma yote wakati yeye anatafuta chumvi. Klabu yake ya zamani ilikuwa inafanya karamu ya kutimia miaka ishirini tangu kuchukua kombe. "Utakwenda?" nikamuuliza. Akasema, "Chai yako inapoa."

Nikampeleka kwetu chakula cha Ijumaa. Baba alikuwa keshafariki, na mama yangu, Bi Raya, alikuwa na kiti chake mlangoni baina ya majlisi na jiko, kanga begani, ambapo anaona sinia zote na kusikia kila neno. Wajomba na binamu walikuja kama kawaida baada ya sala. Kwetu watu wanakaa sinia moja watu watano, sita, na penye upungufu mtu anaitwa kujazia. Ross aliuliza swali lake lile, akakalishwa. Kabla hajameza tonge la pili, sinia ya mlangoni ikapungua mtu mmoja aliyeitwa simu. Ross akanyanyuka mwenyewe, na magoti yake yakilia, akahamia huko. Ijumaa ya pili akahama mara mbili. Mama akaniita jikoni. "Nassor, huyu rafiki yako ana nini? Nnamuona kila saa kanyanyuka. Nani kamwambia wali wa kule mtamu zaidi?" Nikamwambia labda ni adabu za kwao. "Adabu gani hiyo ya kutokushiba," akasema mama.

Ijumaa ya tatu, au ya nne, sinia zishaondolewa, wajomba washasinzia, tumebaki mimi na Ross na mama kwenye kiti chake, nikamuuliza tena, na safari hii nilimwambia ukweli wa kwa nini nauliza. Nikamweleza karatasi, mkaguzi, akiba. Ross akavuta sinia tupu, akachukua tende kumi na nane kutoka kwenye bakuli, akazipanga: sita nyuma, sita kati, sita mbele. Akaichagua moja iliyokunjamana. "Mwaka wa kwanza nilikuwa hapa," akaiweka nyuma kabisa, kwa sababu mlinzi mmoja alivunjika mkono. Mwaka wa pili akaisukuma mbele kabisa, maana mfungaji alioa akanenepa. Mwaka wa tatu akaipeleka pembeni, kukimbia tu. Mwaka wa nne akaiweka katikati, kuruka na majitu yaliyomzidi kwa kichwa kizima, na akanionyesha kwa mabega jinsi mtu mfupi anavyowahi hatua moja. Msimu mmoja kazi yake ilikuwa kumganda mchezaji bora wa timu ya pili asiguse mpira, kila wiki mtu mwingine. "Nilizijua sabuni zao kwa harufu," akasema. Mimi nilikuwa namfasiria mama, na mama aliacha kukunja nguo.

Kocha wao, alieleza, alikuwa na ubao wa bati uliochorwa uwanja, na kila mchezaji alikuwa na kipande chenye jina lake na sumaku nyuma. Usiku wa kutaja timu waliingia chumbani wakatazama ubaoni. Wenziwe vipande vyao vilishika vumbi kwa kukaa pahala pamoja. Chake kilifutika jina kwa kuhamishwa. Wakasema ni bahati ya timu kuwa na mtu kama huyo. Kwa Kiswahili cha mpira siku hizi tungemwita kiraka. Kisha ukaja mwaka waliofika fainali. Ross aliishika ile tende, akazunguka nayo juu ya sinia, nikadhani anakumbuka ilikuwa wapi. Akaiweka nje, juu ya mkeka. "Kila pengo lilikuwa na mtu wake wiki ile," akasema. "Kocha akaibandua sumaku yangu ubaoni, akaitia mfukoni mwa koti lake." Wenzake wakashinda. Waliocheza wakavishwa medali. Yeye alikuwa jukwaani na koti la mvua.

Nikamfasiria mama. Mama akainama kutoka kitini, akaiokota ile tende mkekani, akaipangusa, akamtia Ross kiganjani. "Mwambie aile," akasema. "Ishachoka hiyo." Ross akaila, akatoa kokwa, akabaki nayo mkononi hajui aitupe wapi.

Sasa niseme nilivyojisikia, maana si jambo la kujivunia. Sikumwonea huruma. Niliogopa. Nilikuwa nimemtafuta mtu mkubwa, nikaona nimejikuta mimi mwenyewe baada ya miaka ishirini na tano, nimekaa jukwaani na koti. Nikaapa usiku ule kwamba nitapata takhassus hata kwa hila, na hila ikanijia asubuhi napiga mswaki. Katika Maskati nzima nani anaujua mchezo wa Ross? Hakuna. Mkaguzi ataupima kwa lipi? Nikiandika kwenye karatasi kwamba nimebobea katika mpira wa Australia, nikaleta barua ya mtu aliyeucheza miaka kumi na moja, nani atanibishia? Ni ujanja wa mtu wa kwetu tu, aliyeona jinsi mji huu unavyoheshimu karatasi. Ross alipoisikia hila hiyo alikuna shingo muda mrefu. "Umebobea nafasi gani?" akaniuliza. Nikasema mbele kabisa, mfungaji, pale watu wanapotazama. Akakubali kunifundisha kwa sharti moja. "Mtu wa mbele anakaa mbele," akasema. "Hata nyuma kukiwaka moto, wewe usiondoke. Hiyo ndiyo kazi yote, na mimi sikuiweza."

Tulifanya mazoezi miezi mitatu, baada ya alasiri, kwenye uwanja wa mchanga ambao vijana wa Kihindi na wa Sri Lanka walikuwa wakicheza kriketi. Mpira ule hauna imani. Ukidunda unakwenda utakako wenyewe. Nilijifunza kuuangusha mguuni kwa mkono mmoja, kuruka na kuudaka juu ya vichwa, na zaidi ya yote kusimama. Kusimama kulinishinda. Nikiona mahali pako wazi miguu inawasha. Ross akawa anapiga makelele kutoka upande wa pili, "Kaa! Kaa!" na wale vijana wa kriketi wakawa wananipigia makelele hayo hayo kwa kicheko.

Siku ya mkaguzi ilikuwa asubuhi ya Alkhamisi. Ustadh Khalfan alikuwa mtu mnene, mpole, aliyezaliwa Tabora. Akitaka kukukaripia alitumia Kiarabu, akitaka kukucheka alitumia Kiswahili cha bara. Alikalishwa kwenye kivuli cha turubai na birika ya kahawa na sahani ya halua. Tulikuwa watu tisa kila upande: wanafunzi wenzangu, vijana watatu wa kriketi waliotukodisha uwanja kwa sharti la kuchezeshwa, na mlinzi wa getini. Milingoti tulitengeneza kwa mabomba ya maji tuliyoyasimamisha kwenye madebe ya saruji. Ross alikuwa refa. Mimi nilisimama mbele kabisa, mkabala na turubai, kifua mbele, barua ya Ross imo ndani ya faili la Ustadh Khalfan. Nyuma kabisa tulimweka Hamed, mwenzangu wa chuoni, mzito lakini ukuta. Mambo yalikwenda vizuri dakika kumi. Mpira ulinijia mara moja, nikaudaka, nikapiga, ukagonga bomba. Ustadh Khalfan akaandika kitu.

Kisha barabarani ikapigwa honi. Ikapigwa tena, ndefu. Hamed aliegesha gari lake nyuma ya gari la mtu, kama ilivyo ada yake mpaka leo, na mtu huyo anataka kutoka. Hamed akainua mkono kwa mbali, maana yake nakuja, akatoka uwanjani anakimbia kutafuta funguo kwenye suruali yake. Nyuma yetu ukabaki mchanga mtupu. Wenzetu wa upande wa pili hawakuwa vipofu. Wakafunga. Wakafunga tena. Nilikaa. Namwona mlinzi wa getini, mtu wa makamo, anakimbia peke yake baina ya watu watatu na kilemba kimemfunguka. Nilikaa. Ustadh Khalfan alikuwa ananitazama mimi, kalamu mkononi, na mpira ulikuwa upande ule mwingine kabisa wa dunia. Nilijua vizuri ninachotakiwa. Karatasi yangu, skuli yangu, ufunguo wangu, vyote vilikuwa pale nilipokanyaga. Mlinzi akaanguka chini, nami nikaondoka.

Nilikimbia uwanja mzima. Niliwahi kuupiga mpira ngumi ukatoka, nikamnyanyua mlinzi, nikabaki hapo. Kisha pembeni pakawa wazi nikaenda pembeni, kisha kati pakakosa mtu wa kuruka nikaruka. Sikumbuki furaha kama ile katika michezo yote niliyocheza. Hatukufungwa tena. Na Hamed aliporudi kutoka kwenye gari, anahema, aliona nafasi yangu ya mbele tupu akasimama humo kupumzika. Mpira ukamjia mikononi, akageuka, akapiga, ukapita katikati ya mabomba mbele ya turubai. Ustadh Khalfan alipiga makofi. "Nani yule?" akauliza. Akaandika jina lake.

Baadaye aliniita turubaini, akanimiminia kahawa mwenyewe, nikajua mambo yameharibika. "Nassor," akasema, na alisema kwa Kiswahili, "nimekutafuta mbele, nimekukuta nyuma. Nikakutafuta nyuma, uko pembeni. Sasa mwanangu, mimi niandike nini?" Nikasema nilikuwa mfungaji. "Mfungaji ni yule mwenye gari," akasema, na hakukusudia ubaya. Akachukua karatasi yangu, mahali pa takhassus akaandika hakuna, na chini yake akaandika kwa Kiarabu maneno mawili yenye maana ya kupangwa kwa mahitaji. Ndiyo akiba yenyewe. Hamed alipewa skuli Bawshar, na chumba, na ufunguo. Nilikwenda nyuma ya madebe ya saruji nikalia, sikujali nani ananiona.

Ross alikuja akakaa kando yangu mchanga. Hakunipa pole. "Kwa nini umeondoka?" akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli. Nikamjibu kwa hasira: "Kulikuwa na pengo!" Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani anacheka, na alikuwa anacheka, lakini macho yalikuwa yamelowa. Ndipo aliponiambia kilichotangulia fainali. Mechi ya wiki ya kabla yake alipewa mtu mmoja wa kumganda. Nyuma kukapwaya, akamwacha mtu wake akaenda kuziba, mtu wake akafunga mara mbili, wakaponea chupuchupu. Kocha akamuuliza chumbani mbele ya wenzake, kwa nini umeondoka? "Nami nikamjibu hivyo hivyo ulivyonijibu," Ross akasema. "Hivyo hivyo. Wiki iliyofuata sumaku ikaingia mfukoni." Nikamuuliza, je, leo ungekaa? Alifikiri, kwa kuwa hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Hapana," akasema.

Ijumaa ile alikuja kula, na kwa mara ya kwanza alikuja na ile kadi. Akamwambia mama, kupitia kwangu, kwamba amealikwa na hajui kama aende; wenye medali watakuwa na meza yao, na wengine watakuwa na zao, na yeye hayumo humu wala humo, mtu wa namna hiyo akifika mlangoni atakaa wapi? Nilimwona mama hajaelewa, si maneno, bali shida yenyewe. "Muulize, kaalikwa?" Kaalikwa, nikasema. "Jina lake limeandikwa?" Limeandikwa. "Basi yeye yanamhusu nini ya kukaa? Kukaa ni shughuli ya mwenye nyumba. Yeye aende, avue viatu, asimame mlangoni. Mwenye nyumba asipojua pa kumkalisha, hiyo aibu si ya mgeni." Nikafasiri. Siku ile sinia ya mlangoni ilipungua mtu, akataka kunyanyuka, mama akamnyooshea kidole. "Kaa, baba. Kula," akasema, kwa Kiswahili, na Ross akaelewa bila mimi.

Wiki mbili baadaye kadi haikuwepo kwenye jokofu, wala vitu vingi havikuwepo chumbani. Mkataba wake ulikwisha na mwaka wa skuli, akaondoka. Nilimsindikiza uwanja wa ndege, nikampa kilo mbili za tende, na yeye akanipa mpira wa yai. Tangu hapo tukawa tunaandikiana kadi za Iddi, na mimi kila mwaka niliuliza: ulikwenda karamuni? Ilikuwaje? Ulikaa wapi? Naye kila mwaka akaniandikia habari za mvua. Nilichoka kuuliza baada ya miaka kumi, jambo ambalo mama, alipokuwa hai, alilihesabu miongoni mwa miujiza.

Na mimi nikawa akiba. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa na uchungu, sikutaka kupita hata mbele ya skuli ya Hamed. Walinipeleka Qurayyat wiki sita kwa sababu mwalimu alivunjika mguu, kisha Ghubra, kisha pengine, na nimefundisha michezo, hesabu, Kiingereza, na muhula mmoja jiografia nikiwa ukurasa mmoja tu mbele ya wanafunzi. Lakini jambo moja nililigundua kule Qurayyat, siku niliposhuka garini na mwalimu mkuu mzima akatoka mpaka getini kunipokea. "Tulikuwa tunakungoja," akasema. Kila nilikokwenda walikuwa wananingoja. Hamed, na skuli yake na ufunguo wake, ameniambia mwenyewe kwamba hakuna aliyewahi kumngoja, ila wale anaowazuia magari.

Barua ya binti niliimaliza juzi, mezani, Zuwena ameshatenga chai. Anasema alifuatana na baba yake karamuni, alikuwa msichana mkubwa wakati ule, na anakumbuka kwamba baba yake alikataa kuingia mpaka avue viatu, akaona haya, akavaa tena. Akasimama mlangoni akauliza lile swali lake. Watu wakaanza kumtafutia jina mezani, maana meza zilikuwa zimepangwa kwa majina na jina lake halikuwa kwenye meza yoyote. Kila mmoja alidhani mwingine amemweka. Ndipo kocha, mzee keshapooza upande mmoja, yumo kwenye kiti cha magurudumu, akamwita aje kwake. Akatia mkono mzima mfukoni mwa koti, akatoa kile kipande cha bati. "Nimekaa nacho miaka ishirini," akamwambia Ross. "Sikujua pa kukiweka." Ross alikaa kando yake usiku kucha, akimkatia nyama. Na tangu siku hiyo kile kipande kilikaa kwenye jokofu lake, na kila asubuhi akingoja maji yachemke alikisogeza kidogo. Alipougua alimwambia binti yake akitume Maskati, kwa yule aliyeondoka mbele.

Nikanyanyuka nikakibandika kwenye jokofu letu. Nikakiona kimekaa juu mno, nikakishusha. Nikakipeleka karibu na mkono wa mlango, nikaona kitagongwa, nikakirudisha kati, kisha pembeni, kisha chini karibu na ratiba ya maji. Zuwena alikuwa ananitazama kikombe mkononi, na hadithi nzima nilikuwa nimemsomea. "Mwache akae, Nassor," akasema. "Mtu kachoka." Nikaondoa mkono.